Vipimo vikiwa safi, mgonjwa bado anaumwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Lindi, aliyeandika majuzi kwamba ugonjwa wa wasiwasi ni maradhi ya watu wa mjini wasio na kazi, na kwamba mtu anayeshika jembe toka alfajiri hapati hata muda wa kuwa na hofu. Namheshimu, na kwa maandishi yake naona ni mtu mzima. Lakini mimi nina duka la dawa muhimu hapa Newala, na wanaokuja kwangu wanashika jembe. Wanapulizia salfa kuanzia Mei, msimu ukifika wanaokota korosho mpaka migongo inakataa kunyooka, na wengine hata korosho si zao, ni kibarua. Hao hao ndio wanaosimama mbele ya kaunta yangu wakiniomba dawa ya moyo kwenda mbio.

Hawasemi kwamba wana wasiwasi. Mmoja atasema kifua kinambana, mwingine vidole vinakufa ganzi, mwingine ana gesi inapanda mpaka kooni, mwingine halali. Wanawake huja wenyewe. Wanaume huwatuma wake zao, na mke akimaliza kueleza hunong'ona kwamba mzee asijue kama amesema. Nikiomba daftari la hospitali naletewa daftari lililochakaa pembe: malaria hasi, malaria hasi, UTI, taifodi, vidonda vya tumbo, UTI tena. Dawa za kuua bakteria zimeandikwa kila ukurasa. Hapo katikati pana mstari mmoja umeandikwa kwa haraka: vipimo vyote vizuri, ameshauriwa apunguze mawazo. Mgonjwa anarudi kijijini na ushauri huo, na moyo unadunda vile vile.

Mhariri, ugomvi wangu uko kwenye mstari huo. Vipimo vikiwa safi maana yake ni kwamba yale yaliyopimwa hayapo. Haimaanishi kwamba mtu haumwi.

Nieleze ya nyumbani. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika, wanakouzia wakulima korosho. Ameniruhusu nimwandike ila jina lake nisilitaje, wala la chama. Wanaoijua kazi ile wanajua uzito wake. Mkulima analeta gunia, karani anapima, anaandika stakabadhi. Baadaye mzigo ukifika ghala kuu na kilo zikapungua, wa kwanza kuulizwa ni yeye, hata kama ni unyaufu wa kawaida wa korosho kukauka. Msimu mmoja, mchana, gunia likiwa juu ya mzani na foleni ikiwa ndefu, moyo ulianza kumwenda mbio. Jasho likamtoka, pumzi ikawa fupi, vidole na midomo vikafa ganzi, akaona dunia inamzunguka. Aliwaambia wenzake anakufa, wamwite mkewe. Wakambeba kwa bodaboda mpaka hospitali. Presha ikapimwa, sukari ikapimwa, umeme wa moyo ukapimwa. Vyote vizuri. Alipofika kitandani ile hali ilikuwa imeshaanza kumwachia yenyewe, maana kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha ikashuka. Akaambiwa hana ugonjwa, aende akapumzike. Alirudi nyumbani ameona haya kuliko mtu aliyekamatwa na kilo za watu.

Ikamrudia ndani ya basi la Masasi. Ikamrudia msikitini. Baada ya hapo haikuwa na haja ya kumrudia, kwa sababu alianza kuishi akiisubiri. Ghalani akaacha kwenda. Mnadani akaacha. Swala ya Ijumaa akawa anakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Mwishowe simu yake akawa anapokea mkewe. Majirani wakasema karogwa na wakulima waliopunjwa, mganga akasema ni jini la mtoni Ruvuma, akataka jogoo na fedha, akapewa. Sheikh wetu ndiye aliyekuwa na akili kuliko sote: alimsomea dua, akamaliza, akamwambia sasa nenda hospitali tena, na safari hii waambie kilichomo kichwani, usiwaambie kifua tu.

Huko akakutana na tabibu wa chumba cha afya ya akili, ambaye alimuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Ilianza lini? Ikianza, unawaza nini? Ni mambo gani umeacha kuyafanya kwa kuiogopa? Kwenu kuna mwingine aliye hivi? Hapo ndipo ukoo mzima tulipomkumbuka mama mkwe wangu, ambaye maisha yake yote hakupanda gari. Tulikuwa tukimtania kwamba bibi mwoga wa magari. Kumbe huenda kilikuwa kitu kile kile, kilichoishi humo nyumbani tukakigeuza utani.

Tabibu yule alifanya jambo moja ambalo shemeji hulisimulia mpaka leo. Alimwambia akae kwenye kiti apumue haraka haraka kwa makusudi. Muda si mrefu ganzi ile ile ikaja vidoleni, na kizunguzungu kile kile. Kisha akamwambia apumue taratibu, ikaondoka. Hakuna jini lililoitwa wala kufukuzwa. Mtu akipumua kwa kasi anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko mwili unavyotaka, na damu ikipungukiwa na hewa hiyo ndipo vidole na midomo vinapochonyota na kichwa kinakuwa chepesi. Mgonjwa asiyejua hilo anaona ndiyo dalili ya kufa, anaogopa zaidi, anapumua kwa kasi zaidi, na ganzi inaongezeka. Duara hilo linajizungusha lenyewe.

Mwili una mlinzi wake, na kazi yake ni sawa na ya mbwa wa nyumbani: abweke akija mwizi. Akibweka, homoni ya adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unasukuma damu kwenye miguu na mikono, pumzi inaenda kasi, tumbo linasimamisha kazi, ili mtu akimbie au apigane. Hiyo ni neema. Kwa mgonjwa wa wasiwasi mbwa anabweka hata mwenye nyumba akiingia, na kumfokea hakumnyamazishi. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa asiwaze sana ni bure kabisa. Hakuna aliyechagua kuwaza.

Msomaji wa Lindi atasema kila mtu ana hofu. Ni kweli. Aprili 2019 tulipotangaziwa kimbunga Kenneth, shule zikafungwa na watu wa pwani wakaambiwa wahame mabondeni, mkoa mzima mioyo ilitudunda, na ilikuwa na sababu. Kimbunga kikapiga Msumbiji, sisi tukaendelea na shughuli. Tofauti ya ugonjwa ni kwamba kimbunga kimeshapita na mtu bado amejifungia. Hofu inakuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, inakaa miezi, na inamnyang'anya mtu kazi, ndoa, safari, usingizi. Ugonjwa una sura kadhaa. Kuna huo wa kushtukizwa uliompata shemeji. Kuna wa kuwa na mashaka juu ya kila kitu, karibu kila siku, kwa miezi sita au zaidi, huku misuli ya shingo na mabega ikikaza. Huo ndio nauona zaidi kwa akina mama, na wao huomba dawa ya mgongo. Kuna wa kuogopa macho ya watu, unaomfanya kijana mwenye akili asiinue mkono darasani. Na kuna wa kuogopa kitu kimoja tu, nyoka au sindano au maji.

Sababu nazo si moja. Urithi unachangia, na tafiti za mapacha zinaonesha mchango wake ni kama theluthi moja au zaidi. Aliyepigwa au kunyanyaswa utotoni yuko hatarini zaidi. Kisha yanakuja ya ukubwani: msiba, madeni, ndoa yenye vurugu, ugonjwa mrefu. Msimu wa 2018, Serikali ilipositisha ununuzi wa wafanyabiashara na kuziingiza korosho mikononi mwa jeshi kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, bei ilisifiwa, lakini wapo waliosubiri fedha zao muda mrefu huku ada za shule hazisubiri. Nilikuwa kaunta wakati huo. Sisemi korosho ndizo zilizowaumiza wote, maana wengine walingoja vile vile na wakalala usingizi. Nasema mwenye mwelekeo wa ugonjwa akipata mzigo wa namna hiyo, ugonjwa unapata mlango.

Mlango mwingine tunaunywa. Kipindi cha mabibo kuna pombe zake, uraka na nipa. Mtu mwenye wasiwasi akinywa jioni anatulia kweli, siwezi kukataa. Asubuhi pombe inapotoka mwilini wasiwasi unarudi na mwenzake, na dawa anayoijua ni kunywa tena. Vijana wa bodaboda wao wana vinywaji vya kuongeza nguvu, chupa baada ya chupa juani, kisha wanakuja kuniuliza kwa nini moyo unaruka. Kafeini inaufanya moyo uruke, mwanangu, nawaambia. Hata kahawa chungu ya barazani, kwa mwenye ugonjwa huu, vikombe vipunguzwe.

Naomba pia nisieleweke vibaya kuhusu vipimo. Vifanyike. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda, na mtu anaweza kuitwa mwoga bure. Upungufu wa damu unafanya hivyo, hasa kwa wajawazito. Sukari kushuka, maradhi ya moyo yenyewe, hata dawa ya kupuliza ya pumu ikitumika mno. Mwenye maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza asikae nyumbani akisema alisoma gazetini ni wasiwasi. Ninachodai ni kinachofuata baada ya majibu kuwa safi. Hapo ndipo kazi ya pili inatakiwa ianze, na kwetu ndipo mlango unapofungwa.

Sasa tiba, kwa sababu watu wengi wanadhani tiba yake ni kulazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Huku kwetu ukimwambia mtu aende chumba cha afya ya akili anakuuliza, yaani mimi nimekuwa wa kupelekwa Dodoma? Hapana. Wagonjwa walio wengi wa ugonjwa huu wanatibiwa wakiwa majumbani mwao, wanakwenda na kurudi.

Tiba ya kwanza ni mazungumzo yenye mpango, siyo nasaha za kumwambia mtu awe jasiri. Mgonjwa anafundishwa kuyakamata mawazo yake na kuyapima: nilipowaza nakufa, nilikufa? Kisha anarudishwa taratibu kwenye yale aliyoyakimbia. Shemeji alianza kwa kusimama getini kwa ghala na kubaki pale mpaka hofu ishuke yenyewe, asiondoke ikiwa juu, kwa sababu ukikimbia ikiwa juu mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Baadaye akaingia ndani ghala likiwa tupu. Baadaye akasimama kando ya mwenzake anayepima. Mkewe alimsindikiza mwanzoni, kisha tabibu akasema asimsindikize tena, na hilo lilizua ugomvi mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Dada yule alidhani anafukuzwa.

Tiba ya pili ni vidonge. Shemeji aliandikiwa fluoksetini. Hiki ndicho ninachotaka wasomaji wakishike, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoanguka: dawa za aina hii hazitulizi siku hiyo hiyo. Zinahitaji wiki kadhaa. Siku za mwanzo zinaweza hata kumfanya mtu ahangaike zaidi, achafukwe na tumbo, usingizi uruke. Shemeji wiki ya kwanza alitaka kuzitupa chooni. Mtu asiyeelezwa haya anaziacha, anasema dawa imemkataa, anarudi kwa mganga. Na akipona asiziache ghafla. Kwa kawaida huendelea nazo miezi kadhaa baada ya nafuu, kisha daktari anazipunguza kidogo kidogo.

Na kuna Valiamu, yaani diazepamu, dawa ya kutuliza. Hapa, Mhariri, niruhusu nikae kidogo, maana hii ndiyo ninayoombwa kuliko zote. Wanaijua kwa jina, kwa rangi, wengine kwa ganda la zamani wanalolitunza kwenye kanga. Diazepamu inatuliza upesi, ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake. Mwili unaizoea, kidonge kimoja kinakuwa viwili, na siku ikikosekana wasiwasi unarudi mkali kuliko wa mwanzo. Anayeizoea akiikatisha ghafla anaweza hata kupata degedege. Mzee anayeimeza usiku akiamka kwenda chooni anaanguka na kuvunjika nyonga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 hauipendekezi kuwa tiba ya ugonjwa huu. Ikilazimu iwe ya dharura, siku 3 hadi 7, basi. Mimi siiuzi. Nimeitwa mchoyo, nimeitwa mama mwenye roho mbaya, na mteja mmoja alitoka akaenda sehemu nyingine akaipata bila kuulizwa swali. Wenzangu wenye maduka wanaosoma gazeti hili wanajua nazungumza nini.

Mazoezi yanasaidia pia. Usingizi wa saa zake unasaidia, na dua kwa mwenye imani. Sidharau hata kimoja. Ila mtu aliyeacha kazi na kujifungia ndani asiambiwe vinamtosha.

Swali gumu ni nani atazungumza na wagonjwa hawa, maana wataalamu wa afya ya akili mikoa yetu ya kusini ni wachache na vijiji ni vingi. Zimbabwe walilitafutia njia kuanzia mwaka 2006. Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, aliwafundisha mabibi wa mitaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja moja. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulionesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikisoma hayo nawafikiria manyakanga wetu, makungwi wa unyago. Hawa ni wanawake ambao Umakondeni mzima unawasikiliza, wameshika siri za nyumba nyingi kuliko mahakama ya mwanzo, na wanajua kukaa na mtu bila haraka. Wakifundishwa, na wakawa na tabibu wa kumpelekea mgonjwa aliyewashinda, sioni kwa nini isiwezekane Newala na Tandahimba. Wapo watakaosema unyago na hospitali visichanganywe. Mimi nadhani vimeshachanganyika siku nyingi, ila hospitali ndiyo haijaambiwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi haya, wanawake wengi kuliko wanaume, na ni kama mmoja tu kati ya wanne anayepata tiba ya aina yoyote. Ndugu yangu wa Lindi, hao milioni 301 haiwezekani wote wakawa hawana kazi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Safu yenu ya afya imeshaandika juu ya presha, kisukari na tezi dume mara nyingi, na wateja wangu hukata vipande hivyo wakaniletea. Andikeni na hili, na mkimpata daktari wa kumhoji msimuulize tu dalili ni zipi. Muulizeni mgonjwa wa kijijini akiandikiwa fluoksetini leo, zahanati yake inayo, au mpaka apande gari kuifuata mjini? Muulizeni dozi ya mwezi wa pili ataipata wapi. Shemeji yangu yeye alikuwa na mtu wa duka la dawa nyumbani aliyejua kumtafutia, na bado kuna mwezi tulizikosa kote tulikopiga simu.

Wako msomaji,
Mama wa duka la dawa,
Newala, Mtwara.